Mvinyo wa Dodoma: Jinsi anayeanza anavyoweza kuuonja na kuupangia chakula

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KWA mkazi wa mjini anayetaka kuanza kunywa mvinyo, kikwazo cha kwanza mara nyingi si bei wala ladha, bali ni woga. Husimama mbele ya rafu iliyojaa chupa za Afrika Kusini, Ufaransa na Italia, akasoma majina asiyoweza kuyatamka, kisha akachukua ile yenye picha nzuri. Chupa za Dodoma nazo zipo papo hapo. Huzipita kwa sababu ya dhana moja iliyozoeleka, kwamba mvinyo wa nyumbani ni kinywaji kitamu cha bei nafuu, chenye kulevya haraka na kumwachia mtu kichwa kizito asubuhi.

Dhana hiyo haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi mvinyo wa Tanzania uliojulikana zaidi baani ulikuwa ule mtamu ulioongezewa kilevi, unaonywewa bila chakula, tena haraka. Hata hivyo, dhana hiyo imeficha jambo jingine ambalo halijatangazwa vya kutosha. Nyanda kame za katikati ya nchi hutoa pia mvinyo usio na sukari, mweupe na mwekundu, ambao unakubaliana na vyakula vya Watanzania pengine kuliko chupa nyingi zinazovuka bahari.

Kwa mkulima wa Hombolo, Mpunguzi au Chinangali, suala hili si la anasa. Zabibu za mvinyo si mahindi ya kuwekwa ghalani yakisubiri bei. Zikishaiva huwa na siku chache tu, na mnunuzi asipofika huoza zikiwa kwenye mti. Mara kadhaa katika miaka ya karibuni wakulima wa Dodoma wamejikuta na mavuno yaliyokosa soko, na baadhi yao wakalazimika kukamua na kuhifadhi kwenye matangi kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, wakitarajia kwamba kiwanda kitauhitaji baadaye. Kiwanda nacho hununua kulingana na kile mnywaji anachokiagiza.

Mavuno mawili kwa mwaka

Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, katika mwinuko unaozidi meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika mwaka wa kawaida huwa kati ya milimita 500 na 600. Ni mvua ambazo mara nyingi humsaliti mkulima wa mahindi, lakini mzabibu wenye mizizi inayokwenda chini sana huweza kuzivumilia.

Wamisionari wa Kanisa Katoliki ndio wanaohusishwa na kuanza kwa kilimo hicho mkoani humo, na misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, hutajwa kuwa chimbuko lake. Walihitaji divai ya misa. Jina hilo la divai, ambalo wasomaji wa Biblia wanalifahamu tangu arusi ya Kana, bado ndilo linalotumika kanisani, wakati sokoni na viwandani neno ni mvinyo, na vijana wa mjini husema waini. Baadaye Serikali iliingia kwa kuanzisha kampuni ya umma ya Dodoma Wine Company, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha DOWICO, ambayo hatimaye ilianguka. Tangu hapo usindikaji umekuwa mikononi mwa kampuni binafsi, kubwa na ndogo, wakati utafiti wa zabibu unafanywa na kituo cha Makutupora, ambacho sasa kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI).

Kinachoitofautisha Dodoma na nchi nyingi zenye sifa ya mvinyo ni kalenda yake. Barani Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukachipua na kuvunwa mara moja tu kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima mwenyewe kwa mkasi wa kupogolea, na miezi minne hivi baada ya kupogoa vichala huwa tayari. Kwa hiyo kuna mavuno mawili, ya kwanza yakiangukia Februari na Machi na ya pili Agosti na Septemba.

Mavuno hayo hayafanani. Ya masika hupambana na unyevu unaoleta ukungu, hasa magonjwa ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na mvua ikizidi tunda hunywa maji likapungua ladha. Ya kiangazi hupata jua kali mchana na ubaridi usiku, hivyo zabibu hukusanya sukari ya kutosha huku zikiwa na afya, ingawa huhitaji maji ya kumwagilia. Mnywaji anayeona chupa mbili za mwaka mmoja, kutoka shamba moja, zikitofautiana asishangae. Huenda zimetenganishwa na misimu.

Aina za zabibu zilizotawala si nyingi. Nyekundu inayolimwa kwa wingi inaitwa Makutupora, kwa jina la kituo hicho cha utafiti, na kwa upande wa nyeupe inayoongoza ni Chenin Blanc, yenye asili ya bonde la mto Loire nchini Ufaransa. Zipo pia Syrah na Cabernet Sauvignon. Anayeanza hahitaji kukariri zaidi ya hizo mbili za kwanza.

Kuonja si kunywa

Darasa la kwanza linaweza kufanyika mezani nyumbani. Chupa moja ya mililita 750 hutoa vipimo 15 vya mililita 50, kiasi kinachotosha kabisa kuonja, hivyo watu watano wakichangia chupa tatu kila mmoja ataonja zote na bado zitabaki za kunywa na chakula. Chupa hizo tatu ziwe mweupe usio na sukari, ule ambao wahudumu wa baa huuita drai, mwekundu usio na sukari, na mmoja mtamu wa bei nafuu. Huo wa tatu haupaswi kuachwa kwa kuonewa aibu, kwani bila huo mwanafunzi hatajua tofauti iko wapi.

Glasi ijazwe robo tu ili harufu ipate nafasi ya kukusanyika. Kwanza mvinyo hutazamwa mbele ya kitu cheupe, hata karatasi. Mwekundu unaoelekea rangi ya matofali kwenye ukingo umekaa muda mrefu, na mweupe uliogeuka kahawia umeingiwa na hewa na pengine umeharibika. Kisha glasi huzungushwa taratibu na kunuswa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu vitabu vya kigeni vinawataka wasikie harufu ya matunda ya porini ya Ulaya ambayo hawajawahi kuyala. Huo ni mzigo usio na lazima. Pua iliyokulia Morogoro au Tanga ina kamusi yake yenyewe, ikiwamo zambarau, ukwaju, embe bichi, pera lililoiva, ganda la chungwa, karafuu, na udongo mkavu uliopigwa na mvua ya kwanza. Maneno hayo yanatosha kuandika daftari zima, na anayeonja na wenzake ataeleweka mara moja.

Mdomoni, mambo ya kupima ni machache. Utamu husikika mapema. Ukali, yaani ule uchachu wa ndimu, hujulikana kwa mate yanayotiririka pembeni mwa ulimi baada ya kumeza. Kilevi huleta joto kooni. Halafu upo ukakasi, ambao Kiswahili kimeutungia neno kamili kuliko lugha nyingi. Ni ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza kama baada ya kula zambarau au ndizi mbichi. Ukakasi hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kwa kuwa mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ndio wenye ukakasi zaidi.

Wengi huuchanganya ukakasi na ukali, wakausukumia mbali mvinyo mwekundu wa Dodoma kwa madai kwamba "umechacha". Mvinyo uliochacha kweli hunuka siki, na hilo halihitaji mtaalamu. Wenye ukakasi haukuharibika, bali unasubiri chakula.

Visahani vinne

Lipo zoezi moja rahisi ambalo humfundisha anayeanza mambo mengi kwa robo saa kuliko hotuba ndefu. Ziandaliwe sahani ndogo nne, yaani chumvi kidogo, kipande cha ndimu, sukari, na pilipili mbichi iliyokatwa. Mwonjaji apige funda la mvinyo mwekundu, aguse chumvi kwa ulimi, kisha apige funda jingine. Ukakasi utakuwa umepungua na mvinyo utaonekana laini. Afanye hivyo kwa ndimu na mvinyo mweupe: ule uliokuwa mkali utaonekana sasa kama umetulia, hata kuwa na utamu kidogo, kwa sababu ulimi umeshazoea uchachu mkubwa zaidi.

Sukari hufanya kinyume. Baada ya kuilamba, mvinyo usio na sukari huwa mchachu na mwembamba kiasi cha kuchukiza. Pilipili nayo ndiyo yenye somo kali kuliko yote. Kilevi huongeza moto wake, na mvinyo mwekundu wenye kilevi cha asilimia 14 ukifuatana na pilipili mbuzi humfanya mtu atafute maji. Ule mtamu, tena uliopoa, huuzima moto huo kwa kiasi.

Kutokana na sahani hizo, karibu kanuni zote za kuoanisha mvinyo na chakula zinaeleweka zenyewe. Chumvi na ndimu ni marafiki wa mvinyo, sukari na pilipili humtaka mtu awe mwangalifu.

Kutoka jiko la nyumbani

Kosa la kawaida ni kuuliza nyama gani inafaa mvinyo gani, na kukariri kwamba nyama nyekundu huenda na mwekundu na samaki na mweupe. Kanuni hiyo si ya uongo, ila inasahau kwamba chakula cha Kitanzania huamuliwa zaidi na upishi na kiungo kuliko kitoweo chenyewe. Kuku wa kuchoma aliyepakwa ndimu na chumvi si kuku yule yule akiwa kwenye mchuzi mzito wa nazi.

Nyama ya mbuzi ya kuchoma ndiyo mahali pa kuanzia, tena Dodoma yenyewe ni mji wa mbuzi. Mafuta na nyama hupunguza ukakasi, chumvi huulainisha, na ule moshi wa mkaa huibua harufu za mwekundu wa Makutupora ambazo hazikuonekana ulipoonjwa peke yake. Kachumbari yenye ndimu haina ubaya. Pilipili iwekwe pembeni, kila mtu ajipimie.

Pilau ni chakula ambacho mvinyo wa kigeni huandamana nacho kwa kubahatisha, kwa kuwa mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga vina harufu kubwa kuliko ladha. Mwekundu mwepesi huukubali, na Syrah zaidi, maana yenyewe kwa asili ina harufu inayofanana na pilipili manga. Kwa biriani lenye pilipili nyingi ni vyema kushuka hadi mvinyo wa rangi ya waridi wenye utamu kidogo, uliopoozwa vizuri.

Upande wa samaki, sato wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu ni kama ametengenezewa Chenin Blanc. Uchachu wa mvinyo huo hukata mafuta kama ndimu inavyofanya. Jambo hilo hilo huutofautisha na chakula ambacho hakuna hoteli inayokipangia mvinyo, nacho ni chipsi mayai. Mafuta, chumvi, yai na kachumbari kidogo, pamoja na mweupe baridi usio na sukari, ni muungano ambao unamshinda mtu kuuamini hadi ajaribu. Pweza au changu wa kupaka, wenye nazi nzito, huhitaji mweupe wenye utamu kidogo kwa sababu nazi nayo ni tamu. Dagaa wasipewe kabisa mwekundu. Madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuacha ladha kama ya sarafu mdomoni, na watu wengi waliowahi kuonja ladha hiyo waliilaumu chupa bila kosa.

Mlenda wa Wagogo, chakula cha wenyeji wa ardhi hiyo hiyo inayoota mizabibu, ni mtihani. Utelezi wake huufunika ulimi na kuuzuia usisikie kitu. Mwekundu hupotelea humo. Mweupe wenye ukali wa kutosha hupenya, hasa mlenda ukiwa umeungwa kwa karanga na kuliwa na ugali wa uwele, lakini haitakuwa haki kudai kwamba ni muungano wa kila ulimi. Kisamvu cha karanga na maharage ya kuungwa havina taabu, vinakwenda na mwekundu mwepesi au mweupe.

Na ule mvinyo mtamu unaodharauliwa? Nao una mahali pake. Ukiletwa wakati wa chakula huharibu kila kitu, lakini mwishoni, pamoja na kashata za karanga, visheti au keki ya arusi, mvinyo usio na sukari hugeuka siki ilhali huo mtamu hupata heshima yake. Kanuni ni kwamba kinywaji kiwe kitamu walau sawa na kitafunwa. Glasi iwe ndogo, kwa kuwa kilevi chake ni kikubwa kuliko cha mvinyo wa kawaida, ambao mara nyingi huwa kati ya asilimia 11 na 14.

Joto, lebo na kizibo

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika "joto la chumba" ulitolewa na watu wa nchi za baridi, ambao chumba chao kilikuwa na nyuzi joto 16 au 18. Sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari huwa na nyuzi 30 au zaidi. Katika joto hilo kilevi hutawala pua na mvinyo mzuri huonekana kama pombe kali. Mwekundu nao uwekwe kwenye jokofu, nusu saa inatosha. Mweupe ukae saa mbili au tatu, unywewe ukiwa na nyuzi 8 hadi 12. Kuutia barafu ni kuuongezea maji.

Dukani, lebo isomwe kabla ya bei. Mnunuzi aangalie kama imeandikwa kuwa ni mvinyo wa zabibu, kiwango cha kilevi, mahali ulipotengenezwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Zipo chupa zinazofanana kwa umbo lakini ndani yake ni maji, spiriti, sukari na rangi, na hizo ndizo zilizochangia kuuharibia jina mvinyo wa nchini. Hazina msaada wowote kwa mkulima. Kwa miaka mingi sheria za kodi zimeutoza mvinyo uliotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani ushuru wa bidhaa ulio mdogo kuliko wa mvinyo mwingine, hivyo chupa halali ya Dodoma haina haja ya kuwa ghali. Isipokuwa bei ikiwa ya kustaajabisha kwa udogo, mnunuzi ajiulize kilichomo.

Chupa zihifadhiwe mbali na jua na jiko. Zenye kizibo cha gome hulazwa ili kizibo kisikauke, za kifuniko cha kuzungusha zinaweza kusimama. Ikishafunguliwa, irudishiwe kizibo na kuwekwa kwenye jokofu, nayo itafaa kwa siku tatu hivi. Mwekundu uliobaki baada ya hapo unafaa kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe, ukitiwa mapema ili kilevi kipungue motoni.

Wasiotumia kilevi, kwa imani au kwa hiari, hawajasahauliwa na shamba hilo. Zabibu za kula na juisi isiyochachushwa hutoka katika ardhi hiyo hiyo. Kwa wanaotumia, wajawazito hawamo katika darasa hili, wala walio chini ya miaka 18, wala anayeshika usukani. Waonjaji wa kazi hutema kila funda, na si aibu kuwaiga.

Anayetaka kuona chanzo chenyewe afunge safari wakati wa mavuno. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inaunganisha Dar es Salaam na Dodoma, na kutoka mjini barabara za Makutupora, Hombolo na Mpunguzi zinapita katikati ya mashamba. Agosti na Septemba ndiyo miezi bora, maana barabara ni kavu na vichala vimejaa sukari. Wakulima walio na matangi huwa na mchuzi wa kuonjesha, na mgeni akifika asubuhi kabla ya jua kali huwakuta bado wakikata vichala na kupakia kreti.